Kamusi ya simu: nilitafuta "fidhuli", nikapelekwa kwa "jeuri"

Kazi yangu ni kusoma hasira za watu. Nipo dawati la malalamiko, huu mwaka wa tisa, na kila asubuhi nafungua ujumbe wa wateja waliokosana na wahudumu wetu. Malalamiko ya huduma yenyewe hayanisumbui. Kitu kimechelewa, kitu kimevunjika, hesabu haikukaa sawa: hayo yana risiti na tarehe, yanamalizika. Yanayoninyima raha ni yale yanayosema "kijana wenu ni jeuri", "yule dada ana nyodo", "nimejibiwa kijuvi". Hapo risiti hakuna. Kuna neno moja tu, na mimi ndiye wa kulipima: mhudumu aitwe pembeni, aandikiwe barua ya onyo, au tumwombe mteja radhi yaishe.

Ndiyo sababu nililipia hii kamusi ya simu. Sitaitaja jina, mwenye kuitumia ataijua kwa tabia. Chombo chenyewe hakina ubaya. Ni chepesi, kinafunguka bila intaneti, matangazo yanakoma ukishalipia, herufi unaweza kuzikuza ukiwa na macho kama yangu. Kitufe cha visawe kipo, kitufe cha sauti kipo. Nimekaa nayo wiki tatu nikiitumia kwa jambo moja tu, maneno ya utovu wa adabu. Majina ya samaki na sehemu za jahazi sijayagusa, huenda huko ni bingwa.

Nianze na siku iliyonifanya niilipie.

Ulikuja ujumbe wa mama mmoja mtu mzima. Kiswahili chake kimenyooka, kila nukta mahali pake. Aliandika: "Sikutukanwa. Nimefanyiwa ufidhuli, na ningependa aliyenifanyia aelezwe." Basi. Kijana ninayefanya naye kazi akausoma mara mbili, akageukia kwangu. "Dada, si amesema mwenyewe hakutukanwa? Sasa analalamika nini?" Nikamwambia hebu tafuta hilo neno. Akaandika "ufedhuli", kwa e, kama wengi wanavyolitamka na wengine wanavyoliandika. Kamusi ikajibu: Neno halipo. Akarudia kwa i. Likapatikana: "ufidhuli: hali ya kuwa na jeuri."

Tukabonyeza "jeuri". Tukaambiwa ni tabia ya kifidhuli, kiburi. Tukaenda kwa "kiburi", tukakuta majivuno, jeuri. Kwa "ujuvi", ufidhuli. Kwa "safihi", mtu fidhuli. Ni kama unauliza njia, wa kwanza anakuelekeza kwa jirani, jirani anakurudisha kwa wa kwanza, na wote wawili wana uhakika kwamba wamekusaidia. Kijana akaweka simu mezani akasema, "Kumbe yote ni kitu kimoja." Hapo ndipo nilipojua kwamba hii kamusi, kwa kazi yangu, itanigharimu maelezo mengi kuliko itakavyoniokolea.

Maana si kitu kimoja. Mama yule alichagua.

Tulisikiliza rekodi. Dakika nne na ushei. Mhudumu hakupandisha sauti hata mara moja. Mama anauliza, anajibiwa. Anauliza tena kwa namna nyingine, kwa sababu jibu la kwanza halikukamilika, na hapo mhudumu anasema: "Nimeshakwambia." Mama anaeleza kwamba yuko mbali na hawezi kufika leo. Mhudumu: "Kwa hiyo?" Mama ananyamaza kidogo, kisha anaomba aelekezwe kwa mtu mwingine. "Sasa mimi nifanyeje?" Halafu, kabla simu haijakatika, kuna kamsonyo kadogo, ka pembeni ya mdomo, ambako kijana wangu hakukasikia mpaka niliporudisha nyuma mara ya tatu.

Hakuna tusi humo. Ukiyachukua maneno yale moja moja ukayapeleka kwenye kamusi, yote yatatoka safi. "Nimekwambia" ni taarifa. Ongeza silabi moja, "nimeshakwambia", umemwambia mtu kwamba amekuchosha, kwamba kuuliza kwake ni kosa. Silabi hiyo hiyo kwenye "nimeshakula" haina dhambi yoyote. "Kwa hiyo" ni kiunganishi, watoto wanafundishwa kukiweka katikati ya sentensi. Kikisimama peke yake na alama ya kuuliza mbele ya mtu mwenye shida, kinakuwa mlango uliofungwa. Kamusi inayo "kwa hiyo" na mfano mzuri kabisa wa mvua na barabara. Matumizi haya mengine haina, na ndiyo ninayokutana nayo kila siku.

Huo ndio ufidhuli. Fidhuli anahitaji mtu wa kumfanyia. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, fudhuli, mtu anayejitia kwenye jambo lisilomhusu. Huku kwetu likaacha kuwa la mtu wa kudokoa habari za wengine likawa la mtu anayevuka mpaka kwa ulimi. Mwenye kiburi anaweza kukaa na kiburi chake chumbani, amefunga mlango, peke yake, na bado ni mwenye kiburi. Fidhuli peke yake chumbani hana kazi. Lazima uwepo wewe, ujibiwe.

Jeuri nayo ina mgongo. Asili yake kwa Kiarabu ni neno la dhuluma, la mtu kuonea, na harufu hiyo haijaisha. Mwenye jeuri ana kitu anachoegemea: fedha, cheo, umri, mwili, ndugu aliyeko juu. Ndiyo maana tunasema jeuri ya fedha, jeuri ya madaraka, na tunauliza "jeuri hiyo anaitoa wapi?" tukiwa na maana ya kuuliza hasa: nani yuko nyuma yake? Hatusemi "ufidhuli wa fedha". Tena jeuri inaweza kusimama bila ubaya wowote, ikawa ni uwezo tu. "Hawana jeuri ya kutufunga" ni maneno ya mpenzi wa mpira, na hakuna aliyekosewa adabu hapo. Kamusi ingenipa mistari miwili tu ya namna hii ningeisifu mpaka kesho. Ilinipa nukta mkato na neno la jirani.

Nikasema nisiionee, nikaitafutia sababu. Kamusi inayoeleza Kiswahili kwa Kiswahili ina mzigo ambao ya lugha mbili haina. Ya lugha mbili ikikwama inaruka upande wa pili, inakupa neno la kigeni, inakuacha ujitegemee. Tangu TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 tumezoea lugha ijieleze yenyewe, na ni jambo la kujivunia, lakini neno la tabia halielezeki kwa neno lingine la tabia. Linaelezeka kwa kisa. Nani kamwambia nani, kwa sauti gani, baada ya nini. Kisa kinahitaji nafasi, na simu ina nafasi ya kutosha kuliko kitabu chochote. Hapo ndipo lawama yangu inapobaki.

Kisa kimoja wanacho, tena kizuri, niseme haki. Chini ya "mjuvi" kuna mfano wa mtoto anayemsahihisha mgeni wa babake mbele za watu. Aliyeuandika mfano ule anajua lugha. Ujuvi umetoka kwenye kujua, na aibu yake ni hiyo hiyo ya kujua kabla ya zamu yako. Mjuvi huenda yuko sahihi. Mara nyingi yuko sahihi! Kosa lake ni kwamba hakungoja. Lakini baada ya mfano huo mzuri, maana iliyoandikwa juu yake bado ni "mtu fidhuli", kana kwamba aliyeandika mfano na aliyeandika maana hawajawahi kukutana.

Na hawakusema jambo ambalo mtumiaji anapaswa kulijua kabla hajalitia neno hilo mdomoni: mjuvi hasemwi mkubwa. Bosi wangu anaweza kuwa na kiburi, anaweza kuwa na dharau, anaweza kunidhalilisha mbele ya wageni. Hawezi kuwa mjuvi kwangu. Nikimwita hivyo, mjuvi ni mimi.

Nilipoligundua hilo nikarudi kwenye jedwali langu la malalamiko ya miaka yote ile, nikaona kitu ambacho nilikuwa nakijua bila kukijua. Haya maneno yana ngazi. Kuna ya kupanda na kuna ya kushuka. Ujuvi, ukaidi, kujibizana, utovu wa nidhamu: yanapanda, ni makosa ya wa chini kwa wa juu. Kukaripia, kufokea, kusimanga, kutweza, kunyanyasa: yanashuka. "Utovu wa nidhamu" umejaa kwenye barua za onyo na taarifa za michezo, mchezaji kafungiwa kwa utovu wa nidhamu, mfanyakazi kasimamishwa kwa utovu wa nidhamu, ila sijasoma hata siku moja kwamba meneja ameonyesha utovu wa nidhamu kwa mfagizi. Akimfokea mfagizi mpaka akalia, tutasema "amemkaripia" na itasikika kama sehemu ya kazi. Kamusi inaandika yote hayo kwa mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba tunasemezana wote tukiwa tumesimama sakafu moja.

Mteja je, yuko juu au chini? Hapo ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu, kwa sababu hata yeye hajui, na neno analochagua ndilo linaloniambia anajiona wapi. Aliyeandika "kijana wenu mjuvi" anajiona mzazi. Aliyeandika "mmeninyanyasa" anajiona mnyonge. Aliyeandika "amenidharau" anadai usawa aliopokonywa. Kosa la mhudumu linaweza kuwa moja kwa wote watatu, ila jibu la radhi haliwezi kuwa moja, na nimejifunza hilo baada ya kupeleka barua ya kumbembeleza mtu aliyetaka haki yake tu.

Sasa nije kwenye kitufe cha sauti, kwa sababu kilinichekesha nikiwa peke yangu mpaka mlinzi akachungulia. Niliandika "sonya". Maana waliyoitoa ni sahihi, hata nzuri: kutoa sauti kwa kufyonza mate kati ya meno na ulimi ili kuonyesha dharau au kuchukizwa. Nikabonyeza spika. Sauti ya dada mmoja, laini, ya kusoma taarifa ya habari, ikasema: "Sonya." Kwa adabu zote. Nikabonyeza tena. "Sonya." Jamani. Neno moja katika kamusi nzima ambalo kitufe cha sauti kingelifanyia kazi ambayo maandishi hayawezi, na ndilo lililosomwa kama jina la binti. Mtu anayejifunza Kiswahili atatoka hapo hajui kwamba msonyo una urefu. Mfupi ni wa mtu aliyejikwaa au kusahau ufunguo, haumhusu yeyote. Mrefu, unaoanza mtu akiwa anakutazama na kuisha akiwa ameshageuka, ni hotuba.

Ndugu za msonyo wapo pia: kubetua midomo, kufinya uso, kukata jicho, kumpandisha mtu na kumshusha kwa macho. Hizo zote ni nyodo, na nyodo hazihitaji neno hata moja kutamkwa. Kamusi inayo "nyodo" kama "maringo". Hapana. Maringo unaweza kuyapenda kwa mtu. Bibi harusi ana maringo, mwenye kiatu kipya ana maringo. Nyodo mtu anafanyiwa. Mteja akiandika "nyodo" mimi siombi rekodi ya sauti, naomba ya kamera.

Ninalotaka kulikalia zaidi ni lile ambalo halimo kwenye kamusi hii kabisa, na sina hakika kama lilitakiwa liwemo, ila mtu yeyote anayetaka kuelewa utovu wa adabu wa Kiswahili atagongana nalo. Ni viambishi.

Mteja mmoja, mwanamume, alituandikia ujumbe mfupi kuliko wote niliowahi kupokea. Hakutumia neno lolote la lawama. Hakusema jeuri, hakusema dharau. Aliandika kwamba alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri, mhudumu akapokea simu ya ndani, na yeye akasikia mhudumu akisema: "Lipo hapa linasubiri." Akaweka alama za kunukuu, akaweka jina na saa. Hakuongeza kitu.

Nilimwonyesha kijana wangu. Safari hii hakuuliza tatizo liko wapi. Alivuta pumzi.

Herufi mbili. "Yupo hapa anasubiri" ni mtu. "Lipo hapa linasubiri" ni mzigo, ni kabati, ni jitu. Lugha imekupa njia ya kumtoa mtu kwenye ngeli ya watu bila kumwita jina lolote baya, na ukibanwa unaweza kuapa kwamba hukumtukana. Upande wa pili kuna ki-: kijitu, kijibwana, "hicho nacho kinajiona". Kikubwa zaidi ya saizi yake au kidogo kuliko saizi yake, mradi asiwe saizi ya mtu.

Ila isichukuliwe kwamba kila li- au ki- ni tusi, na hapa kamusi nzuri ingemwokoa mgeni. Kamusi yenyewe ni mfano: wengi tunasema "kamusi ya", lakini BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, walipotoa yao mwaka 2010 waliiita Kamusi la Kiswahili Fasaha, na hakuna kitabu kilichodharauliwa. "Bibi kizee" wa kwenye hadithi ni bibi tu, ameinama na mkongojo wake, watoto wanampenda. Sema "hicho kizee" uone. Kilichobadilika ni kile kioneshi: "bibi" ameondoka, "hicho" kimeingia, na heshima yote imetoka naye. Nilipotafuta "kizee" kwenye programu nilikuta "mtu mzee, hasa mwanamke", ngeli ya ki-vi, kwisha. Mtu aliyelichukua hivyo akamwendea mzee wa watu na "kizee, habari za leo" atajua alichonunua.

Kuna mahali waliamka, lakini. Neno "kilema" wameliwekea alama ya tahadhari na kumpeleka msomaji kwenye "mtu mwenye ulemavu", na hilo ni jema, maana neno hilo nalo limetoka humo humo kwenye ki- na linauma. Alama hiyo hiyo iko kwenye "mshenzi", wameandika "tusi", ila bila kusema kwa nini. Na sababu yenyewe ndiyo uzito wa neno: zama za misafara, mtu wa pwani alimwita hivyo mtu wa bara, akimpambanua na yeye muungwana, aliye huru na mstaarabu kwa kujiona kwake. Kwa hiyo anayesema "acha ushenzi" leo, hata kama hajui, anagawa watu kwa mahali walipozaliwa. Niliwahi kumweleza hivyo mhudumu aliyelitumia kwa mwenzake, akaniambia, "Dada, mimi mwenyewe ni wa bara." Nikakosa la kuongeza.

Sasa jambo dogo la sarufi ambalo limenilipia mshahara. Kukosa adabu na kukosea adabu. Kamusi inayo "kosa", na mwishoni kuna orodha ya minyambuliko: kosea, koseana, kosesha. Maelezo hakuna. Mteja akiniandikia "hana adabu" au "amekosa adabu", amemhukumu mtu mzima, malezi yake, mama yake aliyemlea na shule aliyosoma. Siwezi kumwandikia mtu barua ya onyo kwa malezi. Akiandika "amenikosea adabu", hapo kuna tendo, lina saa, na kuna aliyetendewa: yuko ndani ya kitenzi, ile "ni" ndiyo yeye. Ndivyo ilivyo pia kwa "amenivunjia heshima". Hiyo irabu ndogo ya kutendea inamleta mtu aliyeumia mbele ya macho yako. Nikipokea malalamiko ya namna ya kwanza, siku hizi najibu kwa swali moja, "Alikukosea nini?", na nusu ya watu wanaandika upya kwa utulivu, wakiwa na kitu cha kunipa.

Kwenye maneno ya vijana programu imelala kabisa. Wateja wengi sasa wanaandika "mhudumu kanizingua". Nikatafuta "zingua". Maana ya kwanza na ya pekee: kumwondolea mtu uchawi au pepo. Ni maana ya kweli, ya zamani, na mzee yeyote anaijua, ila ukimsoma mteja wangu kwa kamusi hiyo utadhani ametupongeza kwa tiba. "Wananichukulia poa" nayo imenipotezea muda. "Poa" wanayo kama kupungua joto na hali kuwa shwari, basi. "Analeta za kuleta" haimo popote. Sisemi kila neno la mtaani liingie kamusini wiki lilipozaliwa. "Kuzingua" lakini halikuzaliwa jana, na kwenye jedwali langu la mwaka huu limeshaipita "jeuri".

Kero ndogo ndogo: kitufe cha visawe kinarudisha mzunguko ule ule niliousema, ila kwa rangi. Huwezi kutafuta fungu la maneno, lazima neno moja, kwa hiyo "jibu la mkato" hulipati, utapelekwa kwenye "mkato" na kuonyeshwa alama ya uandishi. Hilo liliniudhi binafsi, kwa sababu "majibu ya mkato" ni safu nzima kwenye jedwali langu, ya tatu kwa wingi. Na "haya" wamezitenganisha vizuri, ile ya aibu na ile ya kukubali, nawashukuru, ila ile "haya" ya tatu, inayosemwa kwa pumzi ndefu na mtu asiyekubaliana nawe hata kidogo, bado iko njiani.

Nani ainunue? Mwanafunzi wa shule anayetaka kujua ngeli na wingi, ndiyo. Mwandishi anayetafuta kisawe asirudie neno, ndiyo, ila achunge asije akamwita babu wa kwenye hadithi yake mjuvi. Mfasiri wa mazungumzo, hapana, labda awe nayo pamoja na nyingine mbili. Mtu wa dawati kama mimi, ambaye neno moja linaweza kumtoa mtu kazini, asiitegemee. Nimeipa nyota tatu. Ya tatu ni ya yule aliyeandika mfano wa mjuvi, popote alipo.

Yule mama mtu mzima tulimpigia. Nilimpigia mwenyewe. Nikamwambia nimesikiliza, na kwamba nimesikia mpaka mwisho kabisa. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mpaka mwisho wenyewe?" Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Basi umenielewa," akaniombea heri, akakata.

Nyongeza baada ya siku kumi: niliwaandikia wenye programu, ujumbe mrefu, kwa upole, nikapendekeza waweke maelezo kwenye "kosea", warekodi msonyo wa kweli, na wakubali "fedhuli" kwa e. Nikaweka mifano tisa. Leo asubuhi wamejibu. Ujumbe wote ni neno moja: "Tumeona." Bila jina chini, bila nukta ya pili. Kijana wangu akausoma juu ya bega langu, akaniuliza, "Hii tunaiweka wapi, dada?" Nikafungua jedwali nikaiweka safu ya tatu, mkato.